Baba wa Marehemu Ni Nani

Chanji, Sumbawanga

Kwa kaka yangu Sabas, Kirando.

Kaka, shikamoo.

Kabla ya yote nikujulishe kwamba barua hii imetoka kwa mtu ambaye mahakama ya Sumbawanga kwa sasa haiwezi kuendesha shughuli zake bila yeye. Sijisifu, unanijua. Jumanne iliyopita nilipoingia ukumbini watu wote walisimama, mawakili, askari, hadi bibi mmoja mwenye kesi ya mbuzi aliyekuwa amesinzia. Ni kweli hakimu naye alikuwa anaingia kwa mlango wa pili wakati huohuo, na wapo wenye maneno yao kuhusu jambo hilo. Mimi ninachosema ni kwamba niliingia, na watu wakasimama.

Haya, nirudi kwenye salamu, maana shemeji atasema nimetanguliza majivuno kabla ya kuuliza hali. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia usiipake usiku halafu ukalala karibu na moto, mwenye duka alinionya. Shemeji anaendeleaje na presha yake? Sisi huku ni wazima, mimi na mke wangu. Migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, uliyompa dereva wa lori la dagaa imefika, ila imepungua miwili, na dereva anasema ni jua lililoipunguza. Nimemsamehe kwa sababu ndiye atakayekuletea barua hii.

Baridi imeanza. Upepo wa milima ya Mbizi mwaka huu haufai. Wiki iliyopita uling'oa bati la jirani yangu, likaja linazunguka hewani moja kwa moja kwangu, nikalidaka kwa mkono mmoja huku mkono wa pili nimeshika kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Mashahidi wa jambo hilo walikuwepo, ila wamekwenda Mpanda.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kaka, simu yako ukiipokea unaiweka sauti ya juu, na mwalo mzima wa Kirando, wavuvi na wachuuzi, unasikia. Kesi hii ina watu wanaotega masikio. Tena mambo yenyewe ni marefu, na nataka usomewe mbele ya ukoo, na watoto wadogo wawepo, kwa hiyo nitaanza mwanzo hata yale unayoyajua.

Mtoto wetu Deo alikufa akiwa amesimama pembeni ya barabara. Hilo liandikwe kwanza. Alikuwa anatoka Matai na pikipiki yake, amebeba magunia mawili ya maharage, kamba ikalegea, akatoka barabarani kabisa, kwenye majani, akainama kuikaza. Lori la tajiri mmoja wa hapa mjini likashuka kile kilima bila breki, likamfuata kwenye majani. Dereva mwenyewe kwenye kesi ya polisi alikiri kwamba breki zilikuwa mbovu na kwamba alishamwambia bosi wake mara tatu, na bosi akamjibu apeleke mzigo kwanza. Dereva akahukumiwa. Tukadhani yameisha.

Hayakuisha. Dada Getruda, yule msaidizi wa sheria ambaye ofisi yake iko nyuma ya stendi, ndiye alinifungua macho. Kwa kweli nilikuwa nimeshafunguka kiasi, yeye alimalizia. Akanieleza kwamba ile ya dereva ni kesi ya serikali, na serikali imepata haki yake. Kesi ya kwetu sisi, ya kumwambia mwenye lori kwamba uzembe wako umemuua mtu aliyekuwa analisha mke na watoto wawili na wazazi, hiyo haijafunguliwa, na hakuna atakayeifungua tusipoifungua sisi. Akaniambia pia kwamba inafunguliwa na msimamizi wa mirathi, siyo mtu yeyote tu anayelia. Na kwamba sheria imeweka muda, na muda wenyewe unakaribia kwisha. Ikifunguliwa vibaya ikatupwa, tukirudi tutakuta mlango umefungwa.

Ndiyo maana ukoo ulipokaa kule nyumbani mkaniteua mimi. Mlifanya vizuri. Wewe mguu, mashemeji ni watu wa ziwani, mambo ya mahakama hawayajui, na Anjelina, mke wa marehemu, alikuwa bado hawezi kumaliza sentensi bila kulia. Mimi niko mjini, nina cheo cha mkuu wa usalama wa ghala la ulezi, najua kuzungumza na wakubwa. Katibu wa kikao akaandika kwenye muhtasari: tumemteua Fidelis, baba wa marehemu. Sote tukatia sahihi. Hakuna aliyeona kosa. Wewe mwenyewe, kaka, uliyemzaa, ulitia sahihi chini ya neno hilo, na hukuona kosa.

Niliupeleka muhtasari mahakama ya mwanzo, na kwenye fomu pale panapouliza uhusiano na marehemu nikaandika "baba" kwa herufi kubwa. Wakanipa barua ya usimamizi yenye muhuri. Tangu siku hiyo nimekuwa natembea na jalada kwapani, na watu wa Chanji wananipisha njia.

Kisha tukaenda kufungua kesi kubwa. Hapo nikagombana kidogo na karani kwa sababu aliniandika "mdai". Nikamwambia kijana, mimi sikuja kudai deni la mtu, nimekuja kwa ajili ya damu. Akanieleza kwa upole kwamba anayefungua kesi ndiye anaitwa hivyo, na yule wa upande wa pili ni mdaiwa. Nikamwambia hilo nalijua, nilikuwa nampima. Anjelina akaangalia pembeni. Ni mara ya kwanza nilimwona anacheka tangu msiba.

Mwenye lori hakuja. Alituma wakili kutoka Dar es Salaam, mtu wa suti ya kijivu na viatu vya kuchongoka, ambavyo kwa vumbi la huku vilikuwa vimeshabadilika rangi kabla hajafika mlangoni. Kaka, yule mtu alikuwa anatuogopa, si unajua wanavyosema kwamba Sumbawanga ni kwa wachawi. Nasikia hotelini aliuliza kama radi za Sumbawanga hupiga hata kiangazi. Nilipompa mkono akaniinamia tu, mkono wake akaufunga kwenye mkoba. Mimi nikatoa leso, nikaikunja mara nne polepole, nikaiweka juu ya jalada langu, nikaitazama. Akahamisha kiti. Dada Getruda akaninong'oneza niache, kwa sababu mambo kama hayo yanaharibu kesi. Nikaacha, lakini leso sikuiondoa.

Sasa, kaka, hapa pana jambo ambalo inabidi ulisikie kutoka kwangu, siyo kutoka kwa watu wa lori la dagaa.

Unalikumbuka jeneza la Deo, lile la mninga, lenye vishikio vya shaba. Kule msibani nilisema ni juhudi zangu. Na zilikuwa juhudi, maana nilisimama mochwari tangu asubuhi na miguu yangu miwili. Ila fedha ya jeneza ilitoka kwa mwenye lori, pamoja na gari lililotuleta Kirando. Alimtuma mtu wake pale mochwari, kijana mpole, kavua kofia. Mhudumu akatoka na daftari akauliza, "Baba wa marehemu ni nani?" Tulikuwa watu kama kumi pale. Nikasema mimi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mtoto amekaa nyumbani kwangu tangu alipofaulu kuingia kidato cha kwanza hadi alipooa. Mke wangu mtaa mzima unamwita Mama Deo. Nisingeweza kumwambia mhudumu angoje hadi baba mwingine apande lori kutoka ziwani. Basi yule kijana mpole akaniletea karatasi nayo, akasema ni ya kupokea jeneza. Nikaisoma kichwa chake. Chini herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Nikatia sahihi, ile sahihi yangu ndefu yenye mkia, na mbele yake nikaandika "baba wa marehemu."

Karatasi hiyo ndiyo wakili aliyoitoa kwenye mkoba.

Akaisoma kwa sauti. Kwamba mimi, baba wa marehemu, nimepokea jeneza, sanda na usafiri, na kwamba kwa niaba ya familia sina na sitakuwa na madai mengine yoyote. Kisha akaweka pembeni yake barua yangu ya usimamizi, ile yenye muhuri, na hapo pia pameandikwa baba wa marehemu. Akamwambia hakimu, ambaye ni mama mmoja wa makamo mwenye sauti ndogo, kwamba mtu huyu mmoja, kwa cheo hiki kimoja, alishamaliza shauri hili mochwari, na leo amerudi na cheo kilekile kuanza upya. Akaomba kesi itupwe.

Dada Getruda alikuwa amekaa nyuma yetu kwa kuwa yeye siyo wakili, haruhusiwi kusimama. Akaninyooshea kikaratasi. Ameandika: Ukisema wewe ni baba tumekwisha.

Wakili akaomba kuniuliza maswali. Nilisimama. Unajua kimo changu, nikisimama kwenye kizimba cha Sumbawanga kinakuwa kidogo.

Akaniuliza, "Mzee, pale mtaani Chanji unaitwa nani?"

Nikajibu naitwa Baba Deo.

"Na mke wako?"

"Mama Deo."

"Mna Deo wangapi?"

Nikasema mmoja. Akamgeukia hakimu akatabasamu, kama mtu aliyekuta mlango haujafungwa.

Hakimu akavua miwani yake, akaniuliza mwenyewe, "Mzee Fidelis, marehemu umemzaa wewe?"

Kaka, nilimjibu kwa kirefu. Nilianza na sare za shule, ile sketi ya mke wangu iliyouzwa ili tupate viatu. Nikaeleza matubwitubwi yalivyomvimba mashavu hadi mwalimu hakumtambua. Nikaeleza siku alipotoroka shule kwenda Kasanga kuiona meli na mimi nikamfuata kwa baiskeli, kilometa nyingi kuliko barabara yenyewe ilivyo. Nikaeleza nilivyompelekea posa kwa kina Anjelina. Hakimu aliniacha niseme yote. Hakunikata hata mara moja. Nilipotua kupumua, akasema, "Sijakuuliza nani kamlea. Nimekuuliza nani kamzaa."

Kwetu hatuulizani hivyo. Unakumbuka wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulimwambia mgeni kwamba yule siyo baba, ni baba mdogo tu, na baba akakutuma ukachume fimbo wewe mwenyewe, ukaja na kijiti, akakurudisha ukalete fimbo. Lile neno "tu" ndilo ulilochapiwa. Sasa mimi nimesimama mbele ya serikali naombwa niseme lile neno ulilochapiwa wewe.

Nilitazama karatasi zile mbili mezani. Nikisema mimi ndiye baba, sahihi yangu yenye mkia inafunga mlango, na Anjelina anarudi na watoto wale wawili kulima vibarua, na mwenye lori anaendelea kupeleka mizigo. Nikisema mimi siye, basi nimesema. Nilikuwa napanga maneno, lakini kutoka nje ilionekana kama nimekwama.

Anjelina akasema kutoka kwenye benchi, "Baba, sema tu."

Wakili akaruka juu. "Mheshimiwa, mahakama isikie anavyoitwa."

Ukumbi ukacheka, askari naye akacheka, hata yule bibi wa mbuzi. Hakimu akangoja watulie.

Nikasema, "Sikumzaa mimi. Kamzaa kaka yangu Sabas, yuko Kirando, mguu unamsumbua. Mimi ni baba mdogo."

Sauti yangu ilitetemesha vioo vya madirisha. Karani alisema hakusikia, nikarudia.

Wakili hakuniacha. Akasema, "Basi siku ile mochwari ulidanganya."

Nikamwambia, "Sikudanganya. Kule niliulizwa baba ni nani. Hapa nimeulizwa nani kamzaa. Hayo ni maswali mawili."

Hakimu akaacha kuandika, akanitazama, halafu akaandika muda mrefu. Kaka, mimi nimesimama mbele ya wakubwa wengi, nimewahi hata kumwonyesha waziri mmoja njia ya choo, lakini sijawahi kutazamwa vile. Haukuwa mtazamo wa dharau.

Tukatoka nje kungoja. Upepo ulikuwa mkali, tumejibanza ukutani mimi na Anjelina na Dada Getruda. Anjelina alikuwa amebeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akanimiminia mimi kwanza. Wakili naye alisimama peke yake upande wa jua, ananyanyua mguu mmoja mmoja kwa baridi. Anjelina akamtazama, akajaza kikombe cha pili, akampelekea. Nikamwambia mwanangu, yule ni adui. Akasema, "Baba, ana baridi." Yule mtu alikipokea kwa mikono miwili. Aliunusa kwanza, lakini aliunywa.

Tuliporudi ndani hakimu alisoma kwa ile sauti yake ndogo. Kwamba aliyetia sahihi karatasi ya mochwari siyo mzazi, wala siyo mke, wala siyo mtoto wa marehemu, na siku ile alikuwa bado hajawa msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo hakuwa na lolote la kusamehe kwa niaba ya mtu yeyote, na karatasi ile ni risiti ya jeneza basi. Kesi haitupwi, inaendelea. Ila barua ya usimamizi ina neno lisilo sahihi, nalo lirekebishwe mahakama ya mwanzo na irudishwe kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Akamwambia wakili kwamba mteja wake ajiandae kujibu habari ya breki.

Wakili alipokuwa anafunga mkoba alinijia. Safari hii alitoa mkono. Akasema, "Mzee, uliniweza." Nikamwambia karibu tena Sumbawanga, na asisahau koti.

Kesho yake nilikwenda mahakama ya mwanzo. Neno "baba" lilikatwa, likaandikwa lililo sahihi, na alama yangu ikawekwa pembeni, muhuri ukagongwa upya. Nimeirudisha jaladani mwenyewe kwa mkono wangu, na karani yule wa "mdai" amenipa risiti. Kwa hiyo, kaka, kesi ya Deo iko ndani, na iko salama, na bado nasimamia mimi. Ikitoka fidia ni ya Anjelina na watoto na nyinyi wazazi. Mimi simo kwenye orodha, na Dada Getruda alinieleza hivyo akidhani nitasikitika. Nilimwambia msimamizi hali, anasimamia wanaokula.

Sasa kazi iliyobaki ni yako. Hakimu anamtaka baba. Wewe. Uje kutoa ushahidi kwamba Deo ni mtoto wako wa kumzaa na kwamba alikuwa anakutumia matumizi. Uje na cheti chake cha ubatizo, kamwombe katibu wa parokia akitafute kwenye kitabu, na uangalie jina lako limeandikwa sawasawa na lililo kwenye kitambulisho chako, maana hawa watu wanasoma herufi moja moja. Shemeji naye akiweza aje. Usije na mama zake Deo wote. Najua mama wakubwa watataka kuja, na kwetu wote ni mama, lakini hapa wataulizwa lile swali, na mimi sitaki kumwona hata mmoja wao akilijibu. Utafikia kwangu. Lala kitandani kwetu, sisi tutalala sebuleni, nimeshaamua na mke wangu amekubali, au atakubali. Na Anjelina amesema atakuja kukukanda huo mguu kwa maji ya moto kila jioni.

Anjelina anaendelea vizuri sasa. Tangu ile Jumanne amerudi kupanga mafungu yake ya nyanya pale sokoni. Wakati tunatembea kurudi Chanji siku ile, jalada lilikuwa linanitoka kwapani, nadhani ni upepo. Akanichukulia jalada akalibeba yeye. Mbele kidogo akasema, "Baba, usiende haraka." Bado ananiita hivyo. Nilidhani ataacha.

Wasalimie wote. Shemeji, mama mzazi wa Deo, mwambie mdogo wa mumewe amemshindia wakili wa Dar. Msalimie mwenyekiti wa ukoo, na katibu wa kikao, mwambie sina kinyongo naye kwa lile neno, mimi pia ningeandika vilevile. Mama mkubwa anayekausha dagaa, mwambie asiache kuniombea, na dagaa zake nazo zisiache kuja. Mjomba mwenye mtumbwi, nasikia ameuza injini, mwambie nitamwandikia nimpe ushauri. Na yule mjukuu wako, mtoto wa Deo kwa hesabu zetu, aliyefaulu darasa la saba, mwambie nyumba ya Chanji ina nafasi kama atapangiwa shule ya huku.

Anayekusomea aishie hapo. Ukurasa huu wa mwisho usome wewe mwenyewe, hata kama ni polepole.

Nimeandika huko juu kwamba neno lilikatwa na lingine likaandikwa. Sikusema na nani. Karani wa mahakama ya mwanzo, binti mdogo tu, alinipa kalamu, akaniambia nipige mstari juu ya "baba". Mstari niliupiga. Kisha akasema niandike juu yake kwa mkono wangu, baba mdogo, maneno mawili, nitie na sahihi. Mkono haukwenda. Kusema nilikuwa nimeshasema, tena mara mbili, lakini maneno ya mdomo yanapita, na karatasi inakaa kwenye jalada miaka yote. Hapa kwako ninayaandika bila taabu kwa sababu wewe unajua uzito wake. Kule yangekuwa madogo kweli. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nikapapasa mifuko ya koti, nikapapasa ya shati, nikamwambia yule binti kwamba nimesahau miwani nyumbani, aniandikie yeye. Akaandika. Akauliza kama sahihi nayo inataka miwani. Nikasema nayo. Akanisogezea kidau cha wino.

Kwa hiyo ukija, kaka, wakikufungulia jalada utakuta pale pana dole gumba la mdogo wako, bichi, limetapakaa, kama la mtu ambaye hakuwahi kushika chaki. Usishtuke mbele yao. Na yule binti akikuuliza habari ya miwani yangu, mwambie ilivunjika.

Sijawahi kuwa na miwani.

Mdogo wako,
Fidelis